Upande wa Nyuma

Ingieni wote watatu mfunge mlango, wanangu, na wewe dereva uizime hiyo simu, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja tu, na sitarudia maneno kwa ajili ya mtu aliyekuwa akiongea na bosi wake. Muuguzi wangu, acha kunishika mkono kama unanihesabia mapigo ya moyo, kaa pale juu ya sanduku la vitambaa uwe mwanangu kidogo, kazi umeiacha hospitalini. Kitinda mimba, wewe simama hapo hapo mlangoni, nakujua, ukikaa utasinzia. Sikilizeni, na asinikatize mtu. Najua kwamba mama yenu mdogo amefika tangu asubuhi na yuko jikoni, kwa sababu nimemsikia akicheka. Miaka kumi na miwili hajakanyaga hapa, na ndani ya saa moja amekwisha kuwachekesha wanangu watatu ndani ya jiko langu mwenyewe, wakati mimi niliyewazaa na kuwalea sikumbuki ni lini mlicheka nami hivyo. Mwacheni huko huko kwanza. Ataingia nikimaliza, kwa sababu ninayotaka kuyasema yanamhusu, na mbele yake ulimi wangu haujawahi kusema kweli.

Nianze na mali, maana najua ndiko masikio yenu yaliko. Cherehani ya umeme ni ya kitinda mimba, na akitaka kuiuza aiuze, simzuii, alikuwa akiichukia tangu ilipomtoboa kidole. Ile ya miguu apewe mke wa dereva, kwa kuwa katika ukoo huu wote yeye peke yake ndiye anayeshona mstari ukanyooka, ingawa sikuwahi kumwambia hivyo. Mkasi mkubwa na futi yangu ya chuma chukua wewe muuguzi, uviweke tu. Halafu kuna hivi vyumba vitatu, jiko na ua. Hapo ndipo penye kelele. Mnadhani sisikii mnavyogombana barazani kwa sauti za chini? Dereva anasema kwa mgeni haiuzwi hata kwa bunduki, kitinda mimba anasema bora tuuze tugawane kila mtu aende zake, na muuguzi hasemi kitu, naye ndiye anayepanda magari mawili alfajiri na mawili jioni kwa sababu mshahara wake hautoshi kupanga karibu na hospitali anayoitumikia. Sitaki mgombane juu ya jambo msilolijua. Nyumba usiyolala ndani huijui hila yake, na hila ya nyumba hii ni mimi.

Babu yenu alijenga nyumba moja ndefu hapa kilimani, mbele ikitazama bonde na mto, nyuma ikitazama ukuta wa karakana ya magari. Alipoona siku zake zimekaribia akaita fundi, akaikata katikati kwa ukuta wa matofali, mbele akampa mdogo wangu na nyuma akanipa mimi. Akaniambia, "Wewe ndiye mkubwa, una mume, una kazi ya mikono. Mwenzako hana kitu." Nikajibu, "Sawa, baba." Hiyo sawa ilitoka mdomoni tu, wanangu, moyoni haijafika mpaka leo. Akaweka na sharti moja, kwa maandishi na mbele ya mashahidi, kwamba hakuna binti atakayeuza upande wake kabla hajamuuliza mwenzake kama atanunua, na mwenzake akikataa aweke sahihi yake kuonyesha kwamba aliulizwa. Likumbukeni sharti hilo.

Mnajua kazi yangu. Mtaa mzima waliniita Mama Pazia, na hakuna dirisha kilimani hapa ambalo sikulipanda kwa ngazi na futi yangu. Nikifumba macho naweza kuwatajia upana wa dirisha la mwalimu mkuu, la mwokaji mikate, na la yule mjane aliyetaka mapazia mazito mchana na usiku, sijui akificha nini. Basi katika madirisha yote hayo nililitamani moja tu, lile kubwa la sebuleni kwa mdogo wangu, ambalo jua la asubuhi lilikuwa likiingia na kulala sakafuni mpaka saa nne. Langu mimi lilikuwa likiingiza moshi wa karakana na matusi ya mafundi. Kila asubuhi nikikaa kwenye cherehani nilimsikia nyuma ya ukuta akifungua vioo vyake, na kila asubuhi nilikata uzi kwa meno kana kwamba nakata kitu kingine. Nilimwonea wivu. Nimelisema. Nilimwonea wivu tangu nikiwa na miaka saba, alipozaliwa yeye na paja la mama likawa lake, nikamwonea wivu wa nywele, wa sauti, wa mumewe aliyekuwa akimbebea kikapu mbele za watu, na kadiri alivyonipenda ndivyo nilivyozidi, kwa sababu mtu akikuchukia angalau mnalingana.

Kisha wageni wakaja. Wa kwanza walikuwa mke na mume, wazee, wakanunua nyumba ya mwalimu mkuu, na tukasema mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli tulipona kidogo, mafundi wa rangi walipata kazi na mimi nilishona mapazia ya vyumba sita. Waliponunua nyumba ya tatu na ya nne tulianza kuzitazama nyumba zetu wenyewe kwa jicho la dalali. Mtu ambaye jana alikuwa akilalamika kwamba paa lake linavuja, leo anakwambia paa hilo ni la kale, halipatikani tena. Aliyeuza alishuka bondeni akanunua huko, wa bondeni akasukumwa mpaka ng'ambo ya mto, wa ng'ambo akasukumwa mpaka mwisho wa njia ya gari, na kodi za vyumba zikapanda mji mzima, hata kwa watu ambao hawajawahi kumwona huyo mgeni kwa macho. Hayo mnayajua, ndimo mlimokulia na kuolea. Msichokijua ni kilichotokea kwenye cherehani yangu asubuhi moja, siku ya kazi, ninyi mkiwa makazini.

Mdogo wangu aliingia na karatasi mkononi, hakubisha hodi, hakuwahi kubisha hodi kwangu. Mimi nilikuwa na pini mdomoni. Akaniambia, "Dada, kuna mgeni anautaka upande wangu, na bei aliyoitaja inanitia kizunguzungu. Lakini mimi sitaki nyumba ya baba iende. Nipe theluthi ya bei ile, uchukue wewe. Mwanao ameoa juzi, akae humu na mkewe, watoto wao wakulie hapa. Mimi na mume wangu tutapata pa kwenda." Akarudia, "Theluthi tu, dada."

Kaa chini, dereva. Sijamaliza. Ndiyo, hela tulikuwa nazo. Kiinua mgongo cha marehemu baba yenu kilikuwa benki, kizima, kilitosha na chenji ingebaki. Nilisema kaa chini.

Haya, simama basi, nenda dirishani unipe mgongo, lakini usitoke.

Nitawaambia kwa nini nilikataa, na sitajipaka mafuta. Kwanza, nilishindwa kupewa. Dirisha nililolililia miaka thelathini ananijia nalo mkononi kama mtu anayekupa gauni lililombana, anacheka, hana hata kinyongo. Mimi nililitaka, lakini nilitaka alipoteze, sikutaka anipe. Sikuvumilia kufikiria kwamba kila asubuhi jua litaingia na mimi nitakuwa na deni la kumshukuru. Na la pili ni baya zaidi. Siku moja kabla ya asubuhi hiyo nilikuwa nimemwita dalali kwa siri. Ndiyo, mimi. Nilimkaribisha hapa hapa, nikamfutia kiti kwa kanga yangu, akanong'ona kwamba mgeni akishanunua mbele hatakuwa na budi kuitaka na nyuma, kwa maana nani anakaa na nusu ya nyumba, na kwamba anayeuza mwisho ndiye anayetaja bei. Nikaona kwa macho yangu mdogo wangu akihesabu chake, halafu mimi nikihesabu mara mbili yake, halafu yeye akisikia. Hiyo "akisikia" ndiyo iliyonilevya.

Basi nikazitoa pini mdomoni moja moja, polepole, nikazichomeka kwenye kijito cha pini, nikamwambia, "Uza tu. Mimi sina hela." Akaniuliza, "Dada, una uhakika?" Nikasema nina uhakika. Akaniuliza tena, "Hata kwa ajili ya huyo kijana?" Nikamwambia kijana ni mwanamume, atajijengea yake. Nikaweka sahihi. Karatasi yenyewe imo ndani ya hilo sanduku ulilokalia, muuguzi, chini kabisa, kwenye bahasha ya vifungo vya makoti. Msiniamini kwa mdomo, mtaisoma. Na jioni mliporudi nikawaambia nini? Nikawaambia mama yenu mdogo ameuza nyumba ya babu yenu kwa mgeni bila hata kutuuliza. Dereva ulilia siku ile. Mwanamume mzima mwenye mke, ulilia pale kizingitini, nami nikakupa chai.

Wiki tatu baadaye mgeni akaja kuangalia upande wangu. Nilikuwa nimefua kila kitu, nimetundika mapazia mapya, na mafundi wa karakana nimewapa hela ya soda wasigonge vyuma kwa saa moja. Akapita vyumba vyote vitatu kwa muda wa mtu anayetafuta choo. Akachungulia nje akauona ukuta wa karakana, akapiga chafya, akamwambia dalali maneno mawili ya lugha yao, wakatoka. Nikamkamata dalali ukumbini. "Amesemaje?" Akasema, "Mama, nyumba nzuri, ila upande huu hautaki." Nikamwuliza, "Hautaki kwa bei gani?" Akanitazama kwa huruma, Mungu amlaani kwa huruma ile, akasema, "Hautaki kwa bei yoyote, mama."

Ukiona mtu anasema sizitaki mbichi hizi, chunguza mkono wake ulifika wapi. Jumapili iliyofuata ulikuwepo mkutano wa wakazi kwenye ukumbi wa shule, watu wamejaa mpaka madirishani kwa habari ya nyumba na kodi, nami nikasimama, ninyi mlikuwepo, nikasema kwa sauti hii hii, "Nyumba ya baba yangu haiuzwi! Waje na magunia ya fedha, haiuzwi!" Walipiga makofi mpaka mabenchi yakatikisika. Kijana mmoja akaja kuniandikia kwenye ukuta wa ua, kwa rangi nyekundu, HAIUZWI, na wewe dereva ukaenda kuliandika nyuma ya lori lako, ukazunguka nalo nchi nzima. Watu wakanisalimia kwa kuinama. Wageni wengine, wale vijana wanaosomea mambo ya makazi, walikuja kunipiga picha. Miaka kumi na miwili nimekuwa shujaa, wanangu. Na sikuuza kwa sababu moja tu, hakuna aliyetaka kununua.

Nipeni maji kidogo. Hapana, kijiko, si kikombe.

Mnadhani wivu uliisha mdogo wangu alipohama? Uliruka ukuta tu. Ulimwacha yeye ukamshika mgeni. Mke wake alinijia kushonewa mapazia, akanipeleka mbele ya lile dirisha langu, nikapanda ngazi nikalipima, na nikarudi nikakata kitambaa pungufu, kiganja kizima, makusudi, mimi ambaye sijawahi kumkosea mtu hata upana wa kucha. Nikayatundika yakaning'inia kama suruali ya mtoto aliyerefuka. Yule mama akarudi nyuma, akatazama, akapiga makofi. Akasema ndivyo anavyopenda hasa, upepo utapita chini. Akaniongezea na bakshishi! Nililia njiani, na njia yenyewe ni hatua ishirini. Wanakuja wiki tatu kwa mwaka, mnajua. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini hawa ya tatu unawaona na miwani ya jua barazani, na wiki ya nne wamefunga mbao za madirisha wameondoka, na jua linapiga mbao kwa miezi kumi na moja, haliangukii sakafu ya mtu. Muuguzi wangu anasinzia kwenye gari la pili, na vyumba vinne vimefungwa nyuma ya ukuta huu, kavu, safi, havina mtu.

Humo hukaa mtu mmoja tu, yule mama anayetunza nyumba, yule mnayemwita Mama Funguo, aliyekimbia vita kwao na sasa analala kwenye stoo ya mafagio. Nilimwonea wivu hata yeye, mkimbizi, kwa kuwa ana funguo za mlango wa baba yangu kiunoni na mimi sina. Lakini sikilizeni. Tangu miguu yangu ikatae, ni yeye anayenivusha uani, kila siku, bila kuitwa, na hajawahi kuniomba hata sindano. Dereva, wewe uliipiga teke ndoo yake ya maji hapo mlangoni, ukamwambia arudi kwao, kwamba ni wao waliojaza mji mpaka watu wenye nchi wanakosa vyumba. Nilikusikia nikiwa kitandani humu nikanyamaza, kwa maana ilinifaa hasira yako impate yeye, isinifikie mimi. Umehama mara tano. Mara tano nimekushonea mapazia upya kwa sababu dirisha la chumba kimoja halilingani na la kingine, na kila mara nikipima nilijua ninachokipima. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Si Mama Funguo aliyekunyang'anya nyumba. Wala si mgeni hasa, yeye alinunua alichouziwa. Nyumba yako niliinyang'anya mimi, kwa kalamu, na pini mdomoni.

Usiseme kitu. Nakuona mabega. Yaache yatikisike.

Na mdogo wangu, mnajua yaliyompata? Alinunua kijumba nje ya mji, bei zikiwa tayari zimepanda kwa ajili ya watu kama yeye waliouza, kisha mumewe akaugua ule ugonjwa mrefu, akakiuza kijumba kwa matibabu, na mume akafa vilevile. Sasa anapanga chumba kimoja juu ya duka la matairi, na mwenye nyumba amempa notisi, anataka kukarabati apangishe wasafiri kwa usiku. Muuguzi aliponiletea habari hiyo, nilikuwa napiga pindo la shuka. Nikasema, "Si alitaka hela, alizipata." Nikaendelea na pindo, na wewe ulipotoka, muuguzi, niliimba. Mungu ananisikia. Nilikuwa na miaka sabini na tisa, nikaimba kwa sababu mdogo wangu hana pa kulala.

Kilichonigeuza si wema, msinisingizie wema. Ni dalali. Alikuja mwezi uliopita, mzee sasa, anakohoa kama mimi, akakaa pale pale nilipomfutia kiti, akasema mgeni sasa anautaka na upande wa nyuma, karakana imehamishwa, wanataka kuvunja ukuta wa katikati wafanye nyumba moja, na hapa nilipolala pawe bwawa la kuogelea. Mnajua nilifanya nini? Mwili umekauka, sili, silali, lakini niliposikia kwamba hatimaye nao wananitaka mimi, niliomba kitana nikachana nywele! Nikauliza bei. Akaitaja. Ilikuwa mara mbili ya ile ya mdogo wangu, kama nilivyoota. Nikageuka ukutani kumwambia, maana tangu utoto habari nzuri sijui kumwambia nani mwingine, nikataka kugonga matofali nimwite, "We! Njoo usikie!" Mkono ulikuwa umekwisha kunyanyuka. Hakuna mtu upande ule. Miaka kumi na miwili niliyokuwa nashindana, wanangu, nilikuwa nashindana na mbao za madirisha.

Basi haya ndiyo maagizo yangu, na kitinda mimba uyaandike, kalamu iko juu ya kabati, na mashahidi ni ninyi na yule mama wa funguo, mwiteni baadaye aweke dole gumba lake.

Vyumba hivi visiuzwe maadamu mama yenu mdogo yuko hai. Akae humu. Asipange tena kwa mtu. Asilipe hata maji. Chumba hiki changu ndicho kikubwa, ni chake, na kitanda hiki, na mkishanitoa humu msingoje arobaini wala wiki, mtandikieni siku hiyo hiyo. Muuguzi uhamie chumba cha kati, na uache kulala kwenye magari. Dereva, wewe nimekukosea kuliko wote, na sina cha kukulipa, chumba cha tatu ni chako na wanao mkitaka kubanana, na msipotaka ni chenu hivyo hivyo. Kitinda mimba, wewe una mikono na huna mke, ngoja zamu yako, usinune, nimekusikia ukishusha pumzi.

Mama yenu mdogo akishaondoka duniani, mkitaka kuuza, uzeni. Sitawafunga kwa neno lile la ukutani, lilikuwa la uongo, lifuteni hilo, na kwenye lori pia. Msiuze kwa sababu yangu na msikatae kwa sababu yangu. Ila lile sharti la babu yenu lishikeni kuliko mlivyonishika mimi. Anayetaka kuuza amwulize kwanza nduguye anayehitaji pa kulala, kwa bei ya ndugu, na anayeulizwa, jamani, atoe pini mdomoni ajibu kwa moyo. Ndugu akikupa, pokea. Pokea hata kama mkono wake uko juu na wako uko chini. Hakuna aliyekufa kwa kusema asante. Mimi nakufa sijaisema.

Yule mama wa funguo mumwombe radhi, na mwenye kuomba ni dereva, si mkewe kwa niaba yake.

Sogeeni sasa, sauti inanikimbia. Wekeni mikono hapa. Mungu awape paa lisilovuja na ... na majirani wanaokaa. Awape riziki ya kutosha na isiyowatenganisha. Kila mlango mtakaoufunga kwa hasira, awape nguvu ya kuufungua kabla ya mimi ... kabla ya umri wangu huu. Nimewasamehe yote, hata yale niliyowasingizia. Nisameheni, si leo, leo bado mna uchungu. Mwezi ujao.

Dereva. Geuka nikuone. Haya. Inatosha.

Mwiteni sasa. Hapana, ninyi tokeni, na mlango muuache wazi. Mwambieni chumba ni chake kabla hajaingia, mimi nitashindwa ... nitaanza maneno.

Nani huyo? Ni wewe? Hujabisha hodi.

Kaa. Siyo kwenye kiti, kaa hapa kitandani, kimekuwa chako. Wameshakwambia? Usilie, utanishinda na kwa kulia. Sogea ... macho yangu hayaoni mbali siku hizi, sogea kwenye mwanga.

Ngoja nikutazame.

Umezeeka, mdogo wangu. Ah, asante Mungu. Na wewe umezeeka.